RISALA YA WANACHAMA WA CHAMA CHA MAZINGIRA KWA MGENI RASMI, SIKU YA WAZAZI, NAKURU

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wanabodi, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Sisi wanachama wa Chama cha Mazingira, Gredi ya 7 hadi ya 9, tunakukaribisha shuleni kwetu. Tumepewa dakika chache kueleza tulichofanya mwaka huu, nasi tumeamua kuzitumia kwa siku mbili tu: siku tuliyokwenda Ziwa Nakuru na siku tuliyopanda kilima cha kale cha Hyrax Hill. Miche kando ya uwanja na mapipa ya taka nyuma ya bwalo utayaona mwenyewe utakapozungushwa.

Tuanze na picha. Mwaka jana tulipewa kazi ya nyumbani kuhusu ndege wa ziwa letu. Wazazi wetu walitupa pesa, tukaenda saiba, tukachapishiwa picha ya heroe, wale ndege ambao wengi tunawaita flamingo, tukaibandika daftarini kwa gundi. Karibu sote tulileta picha ile ile: ukingo umejaa rangi ya waridi hata maji hayaonekani. Tulipata alama nzuri. Lakini wengi wetu hatukuwa tumewahi kufika ziwani, ingawa mtu akisimama kwenye ngazi za madarasa ya juu asubuhi isiyo na ukungu analiona liking'aa pale chini.

Tulipofika, kilichotupokea ni miti iliyokufa. Migunga mirefu imesimama ndani ya maji, imekauka, imekuwa myeupe kama mifupa, na juu yake wametua mnandi weusi wakianika mbawa. Barabara tuliyokuwa tukiifuata iliingia majini ikapotea. Heroe tuliwaona, ila walikuwa kundi dogo mbali sana. Mwenzetu mmoja alifungua daftari lake, akaitazama picha aliyoibandika, akalitazama ziwa, akauliza, "Mwalimu, nani amekosea?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, swali hilo moja lilitufundisha kuliko muhula mzima. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alitueleza kwamba mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka hasa kwa kufukizwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi, na miti ya msitu wa Mau ikikatwa hata udongo usiweze kushika maji, ziwa hupanda. Mwaka wa 2010 lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 40 hivi. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Magadi yaliyomo majini yakapoteza nguvu, na mwani mdogo sana ambao heroe huuchuja kwa mdomo, kichwa kikiwa kimepinduliwa juu chini, ukapungua. Wengi wao wakafuata chakula Ziwa Bogoria na kwingineko. Yaani picha haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya zamani.

Askari huyo alituchotea maji kwenye kikombe. Tulichovya karatasi nyekundu ya litmasi, nasi tukaiona ikigeuka buluu polepole kuanzia ukingoni, ishara ya maji ya magadi. Darasani tulikuwa tumeikariri hiyo, tena kwa wimbo. Pale hakuna aliyeimba. Tulikaa kimya tukiitazama.

Ndipo akasimama mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 8, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono darasani. Kwao ni upande wa Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa. Alituambia jinsi maji yalivyoingia shambani kwao kwanza, kisha chooni, kisha chumba cha mbele, na jinsi nyanyake alivyokataa kuhama mpaka kuku wakaanza kulala juu ya meza. Alijua ni mwezi gani maji husogea na ni mwezi gani hurudi nyuma. Askari alitoa kalamu akaandika. Walimu wetu watatuwia radhi tukisema wazi: tumesoma naye miaka miwili bila kujua kwamba tunaye mwalimu wa ziwa darasani.

Siku ya pili tulipanda Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mabaki ya kale kuanzia mwaka wa 1937. Tulionyeshwa mahali palipokuwa ufuo maelfu ya miaka iliyopita, ziwa lilipokuwa kubwa mno hata maji yakafika kwenye kilima hicho. Sasa ziwa liko mbali, na mji uko katikati. Yule mwenzetu wa Mwariki alisimama pale muda mrefu akipima kwa macho.

Huko huko tuliona mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye jiwe, safu kwa safu. Mhudumu wa makumbusho alituomba tusiyaguse, basi tukachimba yetu mchangani, tukaokota kokoto. Mara ugomvi ukazuka, ugomvi mtamu, kwa maana wengine walicheza ajua ya kwao Kisumu na wengine giuthi ya babu zao, na kila mmoja aliapa kwamba sheria zake ndizo za kweli. Mwalimu wa Hisabati alikaa chini nasi akaanza kuhesabu kokoto. Somo lile lilikwisha tulipoitwa kwenye basi kwa mara ya tatu.

Tunajua wako wazazi wanaoona safari hizi ni kupoteza muda na pesa. Hatuwalaumu. Mtaala wa umilisi, tangu ulipoanza kitaifa mwaka wa 2019, umewatoa pesa mfukoni mara nyingi, na nyingine zimeishia kwenye picha za kubandika. Sisi tunasema pesa za picha kumi zingetupeleka ziwani mara moja.

Jambo linalotuuma, mheshimiwa, ni hili. Nauli na kiingilio vilikuwa shilingi 1,200 kwa kila mwanafunzi. Wenzetu 17 hawakuweza kulipa. Walibaki darasani wakinakili maelezo ubaoni, na tuliporudi tukipiga kelele, walijifanya wanasoma. Mwenzetu wa Mwariki naye angekuwa wa 18 kama mwalimu mmoja hangemlipia. Tumejiuliza mara nyingi ni nani mwingine kati ya wale 17 anajua jambo ambalo sisi hatulijui.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tunaomba utusaidie kupata basi na kibali cha kiingilio, ili kila muhula darasa zima litoke mara moja, bila kumwacha yeyote kwa sababu ya nauli. Muhula ujao tungependa kwenda kwenye kreta ya volkeno ya Menengai.

Mbele yako mezani kuna kijiti chenye alama za kisu. Ni cha yule mwenzetu. Pacha wa kijiti hicho amesimikwa ukingoni mwa maji karibu na kwao, na kila Jumamosi huenda kusoma maji yamefika alama ipi, kisha hukata alama hiyo hiyo kwenye hiki. Alama ya mwisho ni ya Jumamosi iliyopita. Amesema ukipenda atakueleza zote, kuanzia ya chini.

Ni sisi wanafunzi wako,
Wanachama wa Chama cha Mazingira.