Tusiliachie sikio 'stationary' na 'stationery'

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa herufi moja tu, nayo ni 'stationary' na 'stationery'. Nina duka dogo la madaftari, kalamu na huduma ya kutoa nakala hapa Majengo, na kwa muda wa miezi minne bango la duka hilo lilibeba neno la kwanza, kwa rangi nyekundu, mahali palipostahili neno la pili. Aliyeligundua kosa ni mtoto wa Gredi ya Sita aliyetumwa na mamake kununua karatasi za manila. Alisimama mlangoni, akatoa daftari lake la Kiingereza mkobani, akafuata herufi moja moja kwa kidole huku akitazama juu, kisha akaniambia kwa adabu, "Mjomba, pale pameandikwa duka lililosimama."

Mtoto alisema kweli. Neno lenye A ni kivumishi, na hueleza kitu kisichosogea, kama vile gari lililotulia kwenye foleni ya feri ya Likoni au mashine iliyofungwa sakafuni isiweze kuhamishwa. Neno lenye E ni nomino inayojumuisha karatasi, bahasha, kalamu, wino na vifaa vingine vya kuandikia. Na kwa maana iliyo finyu zaidi, Waingereza hulitumia kwa karatasi za barua na bahasha zake, hasa zile zilizopigwa chapa jina na anwani ya mwenyewe. Tena nomino hiyo haihesabiki. Huletewa oda kutoka ofisini zimeandikwa 'stationeries', nami naelewa chanzo chake, kwa kuwa sisi husema "vifaa" kwa wingi na mkono huona haya kuacha neno bila ya ishara ya wingi, lakini kwa Kiingereza sanifu hiyo S haina kazi hapo.

Nimeyaona makosa haya kwenye mabango mengi, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, na sikubaliani hata kidogo na wanaosema kuwa ni uvivu wa kusoma. Mswahili amelelewa aamini sikio lake. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na mtu akishajua kutofautisha dhana na zana kwa ulimi, hawezi kuyakosea kwa kalamu. Maneno haya mawili ya Kiingereza, kwa upande wake, hutamkwa sawasawa, kwa hiyo anayeyasikiliza hapati msaada wowote, hata akiwa na sikio zuri namna gani. Wala si kwamba hatuwezi kujifunza kwa jicho. Tangu mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, watoto wa Mvita wamesema "mato" na "kitwa" nyumbani, wakaandika "macho" na "kichwa" shuleni, na wamefaulu.

Walimu wengi huwapa wanafunzi hila ya kukumbuka kwamba E ni ya 'envelope'. Hila hiyo husaidia, ila kwa mtoto ambaye kitu hicho kwake ni bahasha, inamlazimu akumbuke neno moja la kigeni ili alipate jingine. Mimi naona ni heri kumwonyesha asili. Maneno yote mawili yametoka katika Kilatini, kwenye mzizi wenye maana ya kusimama. Katika zama za kati, wauza vitabu wengi wa Ulaya walikuwa wachuuzi waliozunguka na bidhaa zao, lakini wale waliokuwa karibu na vyuo vikuu walikuwa na kibanda cha kudumu, nao wakaitwa kwa jina la kule kusimama kwao mahali pamoja. Hapa Mombasa jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwani kila mtu anamjua muuza kahawa anayetembea na dele lake akigonga vikombe, na anamjua yule mwenye baraza yake ambaye wateja ndio humfuata.

Kwa Kiingereza mfanyabiashara huyo mwenye kibanda ni 'stationer', na London wana chama chao kilichopewa hati ya kifalme mwaka wa 1557. Bidhaa zake zikachukua jina lake, kama vile mwokaji, 'baker', alivyozaa 'bakery'. Basi E iliyomo katika jina la muuzaji ndiyo E inayobaki katika jina la bidhaa, na anayemkumbuka muuzaji hatapotea. Na kwa ile A, mtoto haina haja aende mbali: kila anapoandika jina la shule juu ya jalada la daftari lake huandika 'primary', kivumishi chenye mwisho ule ule.

Ombi langu kwa walimu wa Kiingereza wa kaunti hii ni kwamba wamfundishe mwanafunzi habari za muuzaji huyo kabla ya kumfundisha tahajia. Na kwa wenye maduka wenzangu, tuwaandikie wachoraji neno tunalolitaka kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, badala ya kuwatajia kwa mdomo kama nilivyofanya mimi; mchoraji wangu hakukosea, aliandika alichokisikia. Aliporudi kulirekebisha bango nilimweleza habari za mwokaji na mikate yake, akanyamaza kidogo, kisha akachukua chaki na kuyaandika maneno yote mawili kwenye mguu wa ngazi yake, ayaone kila anapopanda.

Mwenye duka,
Majengo, Mombasa