Barua kwa mwanangu kuhusu ule mchezo wa upelelezi

Mwanangu mpendwa,

Najua unanitafutia ule mchezo wa kompyuta niliocheza zamani, ambao jina lake nimelisahau. Lakini usinitumie tena picha ukiniuliza, "Mama, ni huu?" Sijachoka na msako, naogopa nitakubali tu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno kali, kama "yalipobamizana" badala ya "yalipogongana", walitaja kasi kubwa zaidi. Wiki moja baadaye ndio hao waliozidi wenzao kusema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali kwenye filamu havikuwemo. Mimi nami tangu unitumie zile picha za mchezo wa The 7th Guest nimeanza kuzikumbuka ngazi zake, na sina hakika niliwahi kuziona.

Tukiacha kisa cha mchezo tutafika haraka zaidi. Jumba la usiku lenye maiti limo katika michezo chungu nzima. Tushike mambo ya mashine, maana hayo hakuna anayejitungia. The 7th Guest ulitoka 1993 kwenye CD, una waigizaji waliopigwa filamu, na unachezwa kwa kipanya. Mimi nilikuwa naandika amri kwenye kibodi: tazama kabati, fungua mlango, muulize daktari. Rangi nazo zilikuwa 16 tu, zile za EGA, mfumo wa picha wa kompyuta za zamani. Mystery House wa 1980 pia tuuondoe: ule ni michoro ya mistari isiyosogea, na wangu ulikuwa na msichana anayetembea.

Halafu kuna alama ya kidole. Mchezo haukukuruhusu uendelee mpaka useme ni ya nani, na jibu lilikuwa kwenye karatasi iliyokuja na disketi, ukiisoma kwa kioo chekundu. Aliyenakili disketi kwa rafiki hakuwa na karatasi, basi akaishia mlangoni. Ujanja mzuri, ingawa uliwakera pia walionunua kihalali.

Kwa hiyo kura yangu ni The Colonel's Bequest wa 1989, wa Roberta Williams, mmoja wa waliobuni huohuo Mystery House. Kisa ni cha Louisiana mwaka 1925. Saa husogea robo saa kila ukishuhudia jambo la maana, na kazi yako kubwa ni kusikiliza ndugu wakigombania urithi, wewe umejificha nyuma ya ukuta. Hicho ndicho nilichokipenda: hukuwa polisi, ulikuwa mgeni mwenye masikio.

Ila yule mwizi niliyekusimulia, niliyemfuata kwa ndege nchi hadi nchi kwa kuuliza rangi za bendera na aina ya fedha, akaponyoka kwa kuwa sikuwa na hati ya kumkamata, hayumo humo. Huyo ni wa mchezo mwingine, Where in the World Is Carmen Sandiego?, uliotoka 1985. Nadhani ndiyo maana umetafuta ukagonga mwamba. Mchezo mmoja wenye jumba na ndege haupo. Kichwa changu kimeunganisha miwili. Na paka mweusi aliyelala juu ya piano bado sijui nimpeleke wapi.

Ukipata mtu aliyerekodi mchezo huo wa jumba mwanzo hadi mwisho, utazame peke yako kwanza. Kisha niulize maswali ya wazi: chumba cha kulia kilikuwa na nini, nani alikufa wa kwanza, farasi alikuwa wapi kama alikuwepo. Nitakujibu kabla sijachungulia popote, wewe ndiye utakayesahihisha.

Mama yako