Harambee ya darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa nasari), jameni tuchange

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa dini zingine mlio kwa grupu habari zenu pia, maana hii nasari ya kanisa hapa mtaani Mukuru kwa Njenga, Nairobi, haijawahi kuuliza mtoto anaabudu wapi. Najua mwezi uko kona lakini nisikizeni kidogo.

Kuna mzazi ameuliza, si serikali ilisema elimu ni bure, sasa tunachangia nini? Swali poa. Ile ya bure ya wakati wa rais Kibaki 2003 ilianzia darasa la kwanza, nasari ikaachwa nje, halafu katiba ya 2010 ikapatia kaunti kazi ya chekechea, na huku mtaani mtoto wa miaka minne akikosa nafasi kwa nasari ya kaunti basi ni mfuko wa mamake. Ghana walifanya vingine, 2007 waliingiza miaka miwili ya chekechea ndani ya elimu ya bure na ya lazima, ndio maana kwa idadi ya watoto walioingia nasari wako kati ya wale wa juu Afrika. Ufaransa ndio usiseme, tangu Septemba 2019 mtoto wa miaka mitatu ni lazima awe shule, na hata kabla ya hiyo sheria karibu wote walikuwa wanaenda tu. Kwa nchi maskini UNICEF, lile shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, walisema mwaka huo huo ni kama watoto 2 kati ya 10 ndio wako nasari.

Kenya kwa ripoti za asilimia ya watoto walio nasari hatuko mkiani, tusidanganyane. Lakini hizo asilimia uziangalie vizuri, kuna hesabu inachukua kila mtoto aliye nasari, hata yule wa miaka saba aliyechelewa, inagawanya kwa watoto wa umri wa nasari peke yao, ndio unapata nchi imepita asilimia 100 na bado kuna watoto wanashinda kwa ploti wakicheza na maji ya mtaro. Na hakuna asilimia itakuambia wamekaa wapi.

Wetu wamekaa chumba kimoja, PP1 na PP2, katikati tumetundika leso kwa kamba. Ticha wa PP2 akiuliza tano ongeza mbili ni ngapi, wale wadogo wa upande ule mwingine ndio wanajibu, tena kwa nguvu, tena wanasema kumi. Ikifika saa sita mabati yameshika moto, tunawatoa nje wanywe uji kwa kivuli cha ukuta wa jirani (Mungu ambariki huyo mama kwa uvumilivu).

Fundi ametupigia hesabu ya chumba cha pili hapo nyuma ya kanisa, mabati, mbao, simiti, dari na viti vya watoto, ikafika 280,000. Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada ya pili. Wa mbali tuma M-Pesa kwa laini ya mweka hazina iliyo kwa tangazo la grupu, usitume kwa namba nyingine yoyote hata ukipigiwa na mtu anajiita pasta. Mia ni sawa, bei ya bati moja ni sawa, na fundi akitoa siku moja ya kazi tutaiandika kama pesa. Risiti za hadiwea tutabandika mlangoni kila mtu asome. Na kama kuna mbao zimebaki kwa mjengo wako leta tu, misumari tutang'oa wenyewe.