Alinidharau mbele za watu

Mwanangu mpendwa,

Mwalimu mkuu alinipigia simu mchana, wewe ukanipigia jioni. Yeye alinieleza habari za jino la mwenzako ulilolitoa na adhabu ya wiki mbili. Wewe ulisema sentensi moja tu: "Baba, alinidharau mbele za watu." Sikukujibu, nilihofia hasira ingenitangulia. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Kuna daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, James Gilligan, aliyefanya kazi miaka mingi katika magereza ya Massachusetts. Alikuwa akiwauliza watu waliojeruhi na kuua ni kitu gani kiliwasukuma. Jibu alilolisikia mara kwa mara ndilo hilo lako: alinidharau. Sikuoni muuaji, usinielewe vibaya. Ila kulisikia neno lile lile kutoka kinywani mwa kijana wangu wa miaka 16 kulinikosesha usingizi.

Watu wakiulizwa chanzo cha ukatili hutaja umaskini, pombe, sinema, malezi. Kila kimoja kina ukweli wake. Pombe hulegeza mkono, na silaha ikiwa karibu, ugomvi wa dakika mbili huishia makaburini. Lakini maskini wengi hawajawahi kumgusa mtu, na wapo wenye mali zao wanaowapiga wake zao. Watafiti waliolinganisha nchi na nchi wamekuta mara nyingi kwamba pale pengo la kipato lilipo kubwa, mauaji nayo huwa mengi. Mimi naliona pengo hilo kuwa ni dharau isiyohitaji hata kutamkwa: unapita kila siku chini ya ukuta wa mtu asiyejua kama upo. Kijana asiye na kazi wala jina, akibakiwa na heshima moja tu, ile ya kuogopwa, ataipigania kwa kisu.

Na hasa ni sisi wanaume. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria kwamba mwaka 2017 watu wapatao 464,000 waliuawa kwa makusudi duniani. Waliouawa vitani mwaka huo walikuwa takriban 89,000 tu. Washukiwa wa yale mauaji ya makusudi, takriban tisa katika kila kumi walikuwa wanaume. Usije ukajitetea kwamba tumeumbwa hivyo. Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, wakatamka kuwa hakuna msingi wa kisayansi wa kusema vita au ukatili vimeandikwa katika maumbile ya binadamu. Tunafundishwa. Mvulana akilia anaambiwa asiwe kama msichana, akipigwa anarudishwa akalipize. Halafu siku akilipiza tunaitwa shuleni, tunajifanya kushangaa.

Sasa lile nililolikwepa miaka yote. Ulikuwa na miaka 6. Ulimwaga chai juu ya karatasi zangu, nikakuzaba kofi hadi ukaanguka. Zile karatasi zilihusu nini? Hata sikumbuki. Nakumbuka kwamba asubuhi ile bosi wangu alinifokea mbele ya wenzangu, akaniita zuzu, nami nikajibu, "Samahani, mzee." Yeye sikumuweza. Nikaibeba fedheha ile kutwa nzima, nikaja kuitua kwako, kwa kuwa wewe usingeweza kunirudishia.

Siku chache baadaye nilikukuta unamzaba kofi mwanasesere wa dada yako. Ulikuwa unamkaripia kwa sauti yangu, na yale maneno yangu yote ulikuwa nayo. Nilirudi nyuma polepole, nikafunga mlango. Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimtwanga mwanasesere wa kujazwa upepo. Walipoachwa naye, wengi walimtwanga vivyo hivyo, wakirudia hata maneno waliyoyasikia. Mimi jaribio hilo nilikuwa nimeshaliona nyumbani kwangu, bila maabara.

Umesema pia kwamba wenzenu walikuwa wakiwarekodi kwa simu. Hapo nakuonea huruma kwa dhati. Enzi zetu aibu ilikuwa na mashahidi watano, na baada ya wiki walishasahau. Yenu inasambazwa kabla hujafuta damu, na wanaoicheka huwajui hata kwa sura.

Hukuniambia yule kijana alikutukana nini. Nataka kujua, maana huenda naye alikuwa na la kwake alilotoka nalo mahali pengine.

Nakuja Jumamosi. Tutapitia kwao kwanza, na wewe ndiye utakayeomba radhi, mbele ya wazazi wake. Daktari wa meno nitamlipa mimi, nawe utanirudishia kwa kazi za likizo. Adhabu ya shule sitaiombea ipunguzwe. Ila kabla hatujafika kwao, tutasimama kidogo njiani. Lipo kofi la miaka 10 ambalo sijawahi kukuomba radhi, na hilo sitaki kuliombea msamaha kwa barua.

Baba yako