Barua ya Kufunga Muhula: Matokeo ya Hisabati na Mtihani wa Upangaji

Ndugu wazazi na walezi,

Salamu kutoka shuleni. Muhula umekwisha salama na ripoti watoto wanazo mkononi. Naomba mzisome mkiwa nao, mpaka kwenye maoni ya mwalimu wa kila somo.

Mliofika Siku ya Wazazi mlimwona binti wa mkondo wa haraka wa Hisabati aliyesimama ubaoni. Aliandika x² + 10x = 39, swali ambalo mwanahisabati al-Khwarizmi alilifanyia kazi Baghdad katika karne ya 9, na hakugusa kanuni yoyote ya kukariri. Alichora mraba wa upande x. Juu yake akabandika mstatili wa 5 kwa x, na ubavuni mwingine kama huo. Hilo lote ni 39. Kwenye kona likabaki pengo la 5 kwa 5. Akalijaza kwa 25, mraba mkubwa ukatimia 64, upande wake 8, kwa hiyo x ni 3. Akageuka akauliza ukumbini kama kuna jibu jingine. Aliyenyoosha mkono alikuwa mvulana wa mkondo wa kawaida. Akasema ni −13, ila mchoro hauwezi kulionyesha kwa kuwa hakuna upande wenye urefu hasi. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sikumbuki kujivunia wanafunzi kama nilivyojivunia hao wawili asubuhi ile. Walimu wa Hisabati, ahsanteni sana.

Nimemtaja mvulana huyo kwa makusudi. Wapo wazazi wanaouona mkondo wa kawaida kama adhabu. Si adhabu. Mada ni zilezile na walimu ni walewale. Tofauti ni kwamba mkondo wa haraka hubana masomo ya miaka mitatu ndani ya miwili ili mwanafunzi aingie aljebra mapema, na hakuna mada inayorukwa. Anayeuweza ni yule ambaye sehemu, uwiano na namba hasi hazimsumbui tena. Mtoto anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 hajakosa akili; anahitaji muda. Tukimkimbiza, kosa hilo atalibeba hadi kwenye milinganyo, na huko halitaonekana tena kama kosa la sehemu. Litaonekana kama mtoto asiyeweza aljebra, naye mwenyewe ataamini hivyo. Atakayeiva baadaye atahama mwisho wa mwaka, na kila mwaka wapo wanaohama.

Sasa nije kwenye jambo lililoniudhi.

Karatasi ya mwaka jana ya mtihani wa upangaji, ule unaoamua mtoto aingie mkondo upi, ilizunguka majumbani, na baadhi ya watoto walikaririshwa majibu yake. Tumejuaje? Mwaka huu maswali mawili yalibaki na maneno yaleyale ila namba zilibadilishwa. Swali la tangi lililokuwa limejaa 3/4 mwaka jana, safari hii lilisema 5/8. Watoto kadhaa waliandika jibu la 3/4, bila hatua hata moja ya kukokotoa. Hawakusoma swali. Walitambua sentensi ya kwanza wakamwaga walichofundishwa kumwaga.

Wazazi wenzangu, mtoto hatafuti karatasi hiyo mwenyewe, wala halipi mtu wa kumkaririsha. Hilo ni kazi ya mtu mzima. Na mtoto aliyeingizwa mkondoni kwa njia hiyo atakaa siku nzima akiona wenzake wanaelewa asichokielewa, akiogopa kuuliza kwa sababu anajua alivyoingia. Nimeongea na watoto hao mmoja mmoja. Wawili walilia. Sitawaadhibu, lakini sitanyamaza kana kwamba halikutokea.

Kwa hiyo matokeo ya mtihani ule yamefutwa, kwa wote. Najua inawaumiza waliofanya kwa haki, nao nawaomba radhi, lakini orodha yenye mashaka siwezi kuitia sahihi. Mtihani utarudiwa wiki ya kwanza ya muhula ujao kwa karatasi mpya kabisa, na kila mwanafunzi ataeleza kwa mdomo mbele ya mwalimu namna alivyopata majibu mawili atakayochaguliwa. Walimu wa Hisabati wasipigiwe simu za kuombewa nafasi. Mwenye hoja aje ofisini kwangu, aje na daftari la mtoto.

Utoro nao umezidi. Wanafunzi wa mkondo wa haraka waliondolewa shuleni kabla ya muhula kufungwa kwa sababu eti mitihani imekwisha. Piga hesabu: miaka mitatu ikibanwa kuwa miwili, wiki moja ya kutokuwepo ni wiki moja na nusu ya masomo. Atakayechelewa kurudi bila taarifa ya maandishi atasubiri mwalimu apate nafasi ya kumfidia, na nafasi hizo ni chache.

Ada: wenye salio wamalize kabla ya kufungua, au waonane na mhasibu. Vitabu vya maktaba virudishwe. Sare ni ileile.

Likizoni msiwape watoto mada za mbele. Wapeni sehemu na namba hasi, maswali machache kwa siku, na mwambieni mtoto awaeleze hatua zake hata kama ninyi wenyewe hesabu hizo mmezisahau.

Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu