Wageni wa Mbeya, njooni na sweta

Ndugu Mhariri,

Likizo ya Juni ikianza tu, meza yangu ya mitumba hapa Mwanjelwa haikauki wateja kutoka Dar es Salaam. Mtu kashuka kwenye basi na fulana na kandambili, meno yanagongana, anauliza sweta bei gani. Silalamiki, ndiyo riziki yangu. Ila naomba nafasi niwaambie mapema, maana wengi wanakuja kupanda milima kama wanaokwenda Coco Beach.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Magomeni akianza kupandisha kuelekea mlima Loleza atahema kabla nyumba hazijaisha. Si ugonjwa huo, ni mwinuko. Siku ya kwanza zunguka mjini taratibu, ule, ulale. Bajaji zipo tele, patana bei kabla hujapanda. Mvua ikiwa imenyesha, mitaa ya juu huwa utelezi mtupu, hivyo dereva akikwambia umalizie kwa miguu usimtolee maneno.

Loleza, mita 2,656, wengi wanaudharau kwa sababu uko mgongoni mwa mji. Anza saa kumi na mbili asubuhi na uende na mwenyeji. Kilele cha Mbeya ni kirefu zaidi, mita 2,818, nacho kitengee siku nzima.

Lakini wanaoniuliza wengi wanataka Ziwa Ngozi. Nenda Uyole, panda gari la Tukuyu, mwambie konda akushushe njia panda ya Ngozi, pale Isongole. Hapo utakuta bodaboda wa kukusogeza hadi msitu unapoanzia. Ada ya kuingia lipa, na risiti udai. Halafu mchukue kijana wa pale pale akuongoze. Vijia vya mle ndani vinagawanyika, naye anajua mzizi upi unashikika na upi umeoza. Njia inapita kwenye miti mikubwa na mianzi, udongo mweusi, unyevu hata wakati wa kiangazi. Raba zenye soli iliyolika ziache nyumbani.

Ukifika ukingoni, ziwa liko chini kabisa, la kijani, limezungushiwa kuta za volkeno. Hapo ndipo uharaka wa asubuhi unapolipa. Ukungu ukiingia, unafunika maji yote huku unatazama, na waliochelewa wanapiga picha za weupe mtupu. Kushuka hadi majini sikushauri kwa mgeni: ukuta umesimama wima, na kurudi juu ni kutambaa. Maji ya kunywa na viazi vya kuchemsha beba mwenyewe, huko juu hakuna genge.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Kuanzia Novemba mvua zinatawala mpaka Aprili, na hapo hata sisi wenyeji tunafikiri mara mbili.

Wanaokuja kwa Nane Nane ndio wenye bahati zaidi. Viwanja viko Uyole, na magari ya Tukuyu yanapita hapo hapo. Waende Ngozi alfajiri, mchana warudi kutazama ng'ombe na matrekta. Sweta wapitie kwangu jana yake, si asubuhi ya safari, maana sifungui kabla ya saa mbili.

Mama wa mitumba,
Mwanjelwa, Mbeya