Barua kwa mpwa wangu kuhusu Maharamia wa Pittsburgh

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupokea, na swali lililofuata baada ya shikamoo nimelikaa nalo wiki nzima. Uliniuliza ninapata nini kwa kuishabikia timu ya besiboli ambayo mara ya mwisho kutwaa ubingwa ilikuwa 1979, kabla mama yako hajazaliwa. Ukaongeza kwamba klabu isiyo na kombe la karibuni haina tena cha kujivunia. Nakujibu hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayemuuliza mjomba wake swali la namna hii, na kwa sababu nadhani umeipima timu yangu kwa kipimo kimoja tu, tena si kile chenye uzito zaidi.

Pittsburgh Pirates, yaani Maharamia, ni klabu ya mji wa Pittsburgh, Marekani, iliyoingia National League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli, mwaka 1887. Jina lake lilianza kama tusi, pale wapinzani walipolalamika kwamba kumsajili mchezaji Lou Bierbauer kulikuwa uharamia mtupu, na klabu ikalivaa tusi hilo hadi leo. Ubingwa wa World Series, yaani fainali ya Ligi Kuu ambayo anayetangulia kushinda michezo 4 kati ya 7 ndiye bingwa, imeutwaa mara 5: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979. Ukitaka mataji, hayo ndiyo mataji.

Sasa nikupeleke mahali. Katika mtaa wa Oakland, karibu na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, umesalia ukuta wa matofali uliofunikwa na mitambaazi, kipande cha uwanja wa zamani wa Forbes Field. Kila tarehe 13 Oktoba watu hukusanyika hapo na viti vyao vya kukunja, wengi wao wazee, wakasikiliza rekodi ya matangazo ya redio ya mchezo wa 7 wa fainali ya 1960, iliyopangwa ili pigo la mwisho lisikike saa 9 na dakika 36 alasiri, dakika ileile lilipopigwa. Mara ya kwanza nilipofika pale, mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kifuani, na midomo yake ilikuwa ikitangulia maneno ya mtangazaji.

Walichokuwa wakikisubiri ni hiki. New York Yankees walikuwa wamewafunga Maharamia katika fainali ile kwa 16-3, kisha 10-0, kisha 12-0. Ukijumlisha michezo yote 7, Yankees walipata pointi 55 na Pittsburgh 27. Lakini ubingwa huhesabiwa kwa michezo, hauhesabiwi kwa pointi, na Pittsburgh walikuwa wameshinda mitatu iliyokuwa migumu. Katika mchezo wa 7, zamu ya 9 ambayo ndiyo ya mwisho, timu zikiwa 9-9, Bill Mazeroski, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa udakaji wala si upigaji, aliugonga mpira wa Ralph Terry ukapita juu ya ukuta wa kushoto. Mchezo ukaisha 10-9 papo hapo. Hakuna fainali nyingine ambayo mchezo wake wa 7 umemalizwa kwa pigo la aina hiyo.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague siku moja tu katika historia ya klabu hii, sitaichagua hiyo. Nitachagua jioni ya kawaida ya tarehe 1 Septemba 1971, katika uwanja wa Three Rivers, dhidi ya Philadelphia Phillies, ambapo watazamaji walikuwa 11,278 tu na magazeti makubwa ya mji yalikuwa yamefungwa na mgomo. Kocha Danny Murtaugh aliandika majina tisa ya kuanza: Rennie Stennett, Gene Clines, Roberto Clemente, Willie Stargell, Manny Sanguillén, Dave Cash, Al Oliver, Jackie Hernández, na mrushaji Dock Ellis. Wote tisa walikuwa watu weusi, wengine wazaliwa wa Marekani, wengine wa Panama, Cuba na Puerto Rico. Tangu Jackie Robinson awafungulie wachezaji weusi mlango wa Ligi Kuu mwaka 1947, miaka 24 ilikuwa imepita bila timu yoyote ya Ligi Kuu kuanza mchezo kwa orodha ya namna hiyo. Wachezaji wenyewe wamesimulia kwamba walianza mchezo bila kutambua, mpaka mmoja alipowatazama wenzake uwanjani akamgutua aliyekuwa karibu naye. Walishinda 10-7. Murtaugh alipoulizwa, alijibu kwamba alipanga wachezaji wake bora, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi: hakuwa ameandaa tamasha, alikuwa akitafuta ushindi, na ushindi ulikuwa mikononi mwa watu hao.

Wiki chache baadaye timu hiyo iliwashinda Baltimore Orioles katika fainali kwa michezo 4 kwa 3, na aliyeibeba fainali alikuwa Clemente. Ningependa umfahamu mtu huyu, mpwa wangu, kwa sababu sisi tuliohama tunamwelewa haraka kuliko wengine. Alifika Pittsburgh mwaka 1955 akitoka Puerto Rico. Kwa miaka mingi waandishi walimwita Bob, ingawa yeye alisema jina lake ni Roberto, na maneno yake ya Kiingereza waliyaandika kwa makosa ya matamshi yaleyale, herufi kwa herufi, ili msomaji amwone hana akili. Nimewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi moja hapa, karani akanirudishia sentensi yangu kwa lafudhi yangu mwenyewe huku akimtazama mwenzake, na usiku ule nilimfikiria Clemente.

Katika fainali ya 1971 alipiga mpira salama, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kituoni, katika michezo yote 7, kwa wastani wa 0.414, yaani zaidi ya mara 4 katika kila 10. Walipomwekea kipaza sauti cha televisheni baada ya ushindi, aliomba kwanza aseme na wazazi wake kwa Kihispania. Mbele ya Marekani nzima akawabariki wanawe na kuwaomba baba na mama yake wampe radhi zao. Wewe umelelewa nyumba ambayo mtu hafungi safari bila radhi za wazazi, kwa hiyo sina haja ya kukufafanulia kwa nini nairudia picha hiyo mara kwa mara.

Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha mapigo salama 3,000 kamili, na katika msimu wa kawaida halikufuata jingine. Tetemeko lilipoubomoa Managua, mji mkuu wa Nikaragua, siku chache kabla ya Krismasi, alikusanya misaada, na alipopata habari kwamba mizigo ya awali haiwafikii waathirika, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege, nzee na iliyozidishiwa shehena, ilianguka baharini karibu na San Juan, Puerto Rico, usiku wa kuamkia mwaka mpya. Alikuwa na miaka 38, na mwili wake haukupatikana. Ibada ya kumkumbuka ilipofanyika, Sanguillén hakuwa miongoni mwa waombolezaji. Alikuwa Puerto Rico, akizama majini pamoja na wapiga mbizi, akimtafuta rafiki yake.

Ubingwa wa 1979 nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa ndio unaoujua. Walikuwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 mbele ya Baltimore, na asubuhi ya mchezo wa 5 kocha Chuck Tanner alifiwa na mama yake. Aliiongoza timu siku hiyohiyo, wakashinda, kisha wakashinda miwili iliyobaki, Stargell akiwa na miaka 39. Baada ya kushindwa na timu ya Atlanta Braves mwaka 1992, waliponyang'anywa tiketi ya fainali katika zamu ya mwisho, ilifuata misimu 20 mfululizo ya kupoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda. Hilo silipambi. Yalikuwa malipo mabaya kwa watu waliokuwa wakinunua tiketi kila mwaka.

Lakini uliposema hakuna cha karibuni, ulisahau tarehe 26 Aprili 2017. Nilikuwa zamu ya usiku, katika chumba cha mapumziko, na mwenzangu kutoka Bukavu ambaye besiboli haimshughulishi hata kidogo. Aliyeingia uwanjani alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi ya usafi katika klabu ya besiboli ya Randburg, na chumba walichoishi kilikuwa ndani ya jengo la klabu hiyo, hatua chache kutoka uwanjani. Alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 2008, akapanda ngazi za ligi za chini kwa miaka 9, na mama yake alifariki kabla ya kuiona siku hiyo. Mpira wa kwanza alioupiga katika Ligi Kuu, uliorushwa na Jon Lester wa Chicago Cubs waliokuwa mabingwa, ulipita katikati akafika kituo cha kwanza salama. Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani kwetu na kucheza Ligi Kuu ya besiboli aliichezea timu hii. Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama yake alikuwa anafagia pale?" Nikamwambia ndiyo. Akasogeza kiti chake karibu na televisheni, tukatazama hadi mwisho. Pittsburgh walishinda 6-5.

Tangu hapo klabu imemsajili David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda, jirani kabisa na kwenu.

Ukipata viza, panga safari yako iangukie Oktoba. Tutavuka kwa miguu daraja lenye jina la Clemente mpaka uwanjani, nikuonyeshe ukuta wa kulia uliojengwa kwa futi 21 kwa ajili ya jezi yake namba 21. Tarehe 13 tutakwenda Oakland mapema, tupate nafasi karibu na redio. Beba koti, hapa upepo wa mwezi huo ni mkali.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako,
Pittsburgh